Duka la jenereta Gerezani, Dar, muuzaji kaniuliza kwanza nina friza au sina

Jamani kama unatafuta jenereta ya saluni au ya duka soma hii kabla hujatoa hela. Mara ya kwanza nilinunua kale kadogo ka kuchanganya petroli na oili, kwenye boksi imeandikwa 950, muuzaji akaniambia dada hii inawasha nyumba nzima. Kweli taa ziliwaka na feni ikazunguka, ila nilivyochomeka friza ikaguna mmmm, taa zikafifia kama kibatari, jenereta ikazima. Nikalazimisha hivyo hivyo siku tatu, ya nne kompresa ikaungua, juisi na barafu zote nikamwaga. Iliniuma sana.

Safari hii nikaenda Gerezani, kijana wa dukani hata bei hakunitajia, kaniuliza dada unawasha nini na nini kwa wakati mmoja? Tukaandika juu ya boksi tupu kwa maka peni, draya 1200, friza 180, feni 60, taa nne 40, jumla wati 1480. Mi nikasema basi nipe ya 2000 inatosha na inabaki, akasema subiri kwanza, friza ikiwa inaanza inavuta hata mara nne ya hiyo 180, sasa ikianza na draya iko kichwani kwa mteja unapita 2000 hapo hapo. Tena zile kVA wanazoandika kwenye jenereta sio wati, 2.5kVA ukizidisha kwa 0.8 unapata wati hizo hizo 2000. Na kwenye stika usidanganyike na namba kubwa ya max, angalia ya rated, hiyo ndo ya kufanyia kazi kutwa nzima.

Nikachukua 3.5kVA, yaani wati 2800. Kabla sijalipa akaifungua nyuma akanionyesha waya ni kopa, yaani shaba, akaiwasha pale nje akachomeka hita na grainda kwa pamoja, haikutetereka.

Usafiri hawana, bajaji nimetafuta mwenyewe, na waranti miezi sita tu naona ni kidogo kwa hela ile. Ila kwa kuuliza na kupima nawapa tano kwa tano.

Fundi kaifunga nje nyuma ya saluni mbali na dirisha, ule moshi unaua watu jamani msiwashie ndani. Jana umeme ulikatika saa nane nina wateja wawili, draya inaenda, friza nayo ikaanza, taa zikapepesa mara moja tu zikatulia.