Amidoni ya kationi kwenye karatasi ya mabua ya mpunga: uzoefu wangu, Bukavu

Amidoni ya kationi, yaani wanga uliobadilishwa kiwandani ili ushike kwenye nyuzi za karatasi, nimeitumia miezi minane kwenye karatasi ya mkono, ya kadi na majalada ya daftari. Mabua ni ya mpunga wa bonde la Ruzizi, yanapikwa saa tatu kwa sude (soda kali) ile ile ya watengeneza sabuni, gramu 100 kwa kila kilo ya mabua makavu. Kwa anayeuliza kama amidoni hii inafaa, jibu langu fupi: inafaa. Ila gunia lilikuja bila maelezo yoyote, na muuzaji alinishauri niweke asilimia 5 ya uzito wa nyuzi. Usimsikilize anayekwambia hivyo.

Nyuzi za mpunga ni fupi, nyingi hazifiki hata milimita 1, kwa hiyo karatasi inategemea sana jinsi zinavyogandana. Wanga wa muhogo wa soko la Kadutu unasaidia kidogo tu ukiuweka ndani ya rojo (nyuzi zilizochanganywa na maji), maana sehemu kubwa inatoroka na maji ya kuchuja. Nyuzi zikiwa majini zina chaji hasi ya umeme, na wanga wa kawaida hauna cha kuushikiza hapo. Amidoni ya kationi imebadilishwa kiwandani ikapewa chaji chanya, ndiyo maana inaganda kwenye uzi wenyewe.

Kipimo changu ni asilimia 1 ya uzito wa nyuzi kavu. Pipa langu la lita 200 lina kilo 2 za nyuzi (kavu, si mbichi!), basi naweka gramu 20. Kama hujui rojo lako lina nyuzi kiasi gani, kamua gramu 100, zikaushe kabisa, pima tena.

Gramu 20 hizo zikoroge kwanza kwenye nusu lita ya maji baridi, ndipo uweke motoni. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto unapata mabonge kama ya bugari iliyosongwa vibaya: nje yameiva, ndani unga mkavu, na kila bonge litakuwa doa linalong'aa kwenye karatasi. Maelekezo ya viwandani husema nyuzi joto 90 hadi 95 kwa dakika 20 hadi 30. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, maji yanachemka karibu na 95, kwa hiyo huhitaji kipimajoto: chemsha taratibu, usiache kukoroga, mpaka uji mweupe ugeuke wa kupenya mwanga. Ukibaki na weupe wa maziwa, haujaiva. Ongeza maji ufike lita 2, kisha mimina kidogo kidogo kwenye pipa huku mwenzako akikoroga kwa mti. Subiri dakika 10, anza kuchota kwa fremu ya wavu.

Rojo liwe limeshatwangwa kabla. Ukilipitisha kwenye mashine baada ya kuweka amidoni, unavunja mshikamano ulioulipia.

Kilichonisumbua zaidi ni uoshaji. Maji meusi ya kupikia yakibaki kwenye rojo, uchafu wake nao una chaji hasi, unaila amidoni kabla haijafika kwenye nyuzi. Naosha mpaka maji yatoke na rangi ya chai nyepesi, na karatasi ya pH (inayoonyesha kama sude imeisha) isome kati ya 6 na 8. Kuhakiki, nachukua maji yaliyochujwa kwenye fremu, yakiwa baridi, nadondosha tone la iyodi ya famasi. Yakigeuka buluu, wanga unapotea: ama hukuosha, ama umezidisha. (Kama bado yana sude, iyodi inafifia na kukudanganya, kwa hiyo pima pH kwanza.)

Asilimia 5 niliijaribu mara moja. Povu lilijaa, nyuzi zikajikusanya mafungu mafungu kama mawingu, karatasi ikawa nzito hapa na nyembamba pale, na ikang'ang'ania blanketi ninalolazia karatasi mbichi.

Nguvu naipima kienyeji: kipande cha upana wa sentimita 1.5, kidumu kinaning'inia chini, naongeza maji polepole. Bila amidoni kilikatika kwenye lita 2 na nusu hivi; kwa asilimia 1 kilipita lita 3. Si muujiza, lakini vumbi la uso limepungua na kalamu haikwaruzi nyuzi. Kwenye kuchanika, ukianza na mkato pembeni, sikuona nafuu yoyote. Na mvua haizuii kabisa: karatasi ikilowa inalegea kama zamani. Anayetaka mifuko ya sokoni atafute kitu kingine.

Uji uliopikwa utumie siku hiyo hiyo. Kesho yake unachacha au unaganda. Unga wenyewe unavuta unyevu vibaya msimu wa mvua, uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Wanga wa muhogo sijautupa, naupaka kwa brashi juu ya karatasi iliyokwisha kauka, hapo unafanya kazi vizuri na bei ni ndogo.

Gunia ni la kilo 25. Kwa asilimia 1 linatosha kilo 2,500 za nyuzi, na karakana ya kilo 5 kwa siku italala nalo mwaka mzima na zaidi. Heri mnunue watatu mgawane.