Uzoefu wangu na vichujio vya utegemezi vya RPM

Ukitengeneza kifurushi cha RPM (mfumo wa kufungasha na kuweka programu kwenye baadhi ya Linux) chenye maktaba zake ndani, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea, vichujio hivi vitumie, tena vyote viwili: cha kinachotolewa na cha kinachohitajika. Mimi nilianza na kimoja.

Programu ninayoihudumia husoma mizani ya ghala moja huku Shimanzi, Mombasa, na hubeba Qt 5 yake (maktaba za kuchora madirisha na vitufe) ndani ya /opt/mizani/lib. RPM inapojenga kifurushi hupekua kila maktaba na kujiandikia yenyewe kinachotolewa na kinachohitajika. Kwa hiyo kifurushi changu kikajitangaza kuwa ndicho kinachotoa libQt5Core.so.5 kwa kompyuta nzima. Karani alipoweka programu ya kusoma PDF, dnf, chombo cha kuweka vifurushi pamoja na vinavyovitegemea, ikaona Qt imo tayari, haikuleta ile ya mfumo. Kuingia iliingia, kufunguka ikakataa.

“Kaka, mbona yasema maktaba haipo, na we juzi umeniwekea mwenyewe?” akaniuliza kwa simu. Alikuwa na haki. Maktaba ilikuwapo, ila mahali ambapo programu nyingine haziitafuti.

Kwa haraka nikaandika AutoReqProv: no kwenye faili la spec, lile la maelezo ya kujenga kifurushi. Usithubutu. Inafuta kila kitu RPM ilichojiandikia, hata mahitaji ya kweli. Kwenye mashine mpya programu ya mizani ikagoma kwa kukosa libGL.so.1, maktaba ya michoro, na dnf haikuwa imeonya lolote.

Ndipo nikavigeukia vichujio vilivyoingia na RPM 4.9, mwaka 2011:

%global __provides_exclude_from ^/opt/mizani/lib/.*$

Tangazo la uongo likaisha. Lakini kifurushi bado kilikuwa kinaomba Qt, na sasa cha kuitoa ni mfumo peke yake, basi dnf ikaiburura Qt nzima tusiyoihitaji, kwa bando la simu. Mstari wa pili ndio uliotuliza:

%global __requires_exclude ^libQt5.*$

Hapa ndipo nilipokipenda chombo hiki: Qt imetoka, libGL na glibc (maktaba ya msingi ya Linux) zimebaki kwenye orodha, na dnf inazileta yenyewe.

Kinachoniudhi ni kimoja. Ukiandika %global ya jina lilelile mara ya pili, ile ya kwanza inafutika kimyakimya. Ruwaza mbili, yaani maandishi ya kuchuja kama ^libQt5.*$, lazima uziunganishe kwa alama ya | katika mstari mmoja. Hilo lilinila jioni nzima.

Siku hizi kabla ya kwenda ghalani naendesha rpm -qp --provides, kisha rpm -qp --requires. Nikiiona libQt5 popote, kifurushi hakitoki mezani.