Chama cha nasaba: nilienda kutafuta mababu, nikarudi na pungufu

Nina mwaka na ushee sasa kwenye chama kimoja kidogo cha nasaba, vile vyama vya watu kumi na tano wenye miwani na mafaili, na kwa vile nimeulizwa sana kama ada yake inalipa basi ngoja niseme yote hapa nisije nikarudia rudia.

Kwanza mjue nilivyoingia. Nilikuwa najiona mtaalamu! Nshajenga mti wa ukoo kwenye kompyuta, majina mia nne na kitu, ila mengi niliyazoa kwenye miti ya watu huko intaneti, unashusha faili la GEDCOM (faili la kuhamishia mti wa ukoo toka programu moja kwenda nyingine) la mtu hata humjui unalimwaga kwenye programu yako na kufika asubuhi una ukoo mpaka karne zile. Raha sana. Siku ya kwanza nikauprinti wote, nikauviringisha kama ramani, nikautandaza mezani kwao nasubiri sifa.

Mzee mmoja akauangalia kimya, kidole kinapanda taratibu, kikasimama. "Mwanangu, huyu mama kazaa akiwa kaburini?"

Nikainama kuangalia. Kweli bwana, mama kafa, halafu miaka mitatu mbele kajifungua mtu ambaye mimi namwita babu yake babu yangu kwa upande wa mama. Na ilikuwepo hapo siku zote naiona, na miti mingine sita imeandika vilevile maana wote tumekopiana.

Pale chamani wanakwenda kwa namba. Wewe ni 1, baba 2, mama 3, ukitaka baba wa mtu yeyote unazidisha namba yake mara mbili, mama yake ni hiyo jumlisha moja. Wanauita Ahnentafel, ni Kijerumani. Mwanzo niliona mbwembwe tu, ila fikiria, kwa kushuka tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya, lakini ukianza kupanda unabaki na babu wa babu wa babu mpaka ulimi unachoka. Kwa hiyo huyo babu yake babu yangu ni namba 24.

Yule mzee hakuniambia jibu, akanikalisha kwenye mashine ya maikrofilamu, ile ya kusomea picha ndogo za nyaraka kwenye mkanda, na rejista za ndoa. Mashine yenyewe ni moja, taa yake inapepesa, ukizungusha haraka kichwa kinauma. Siku ya tatu ndo nikampata. Namba 24 kwenye ndoa yake hakuandika jina, kaweka X, mkono mmoja wa hiyo X mrefu kuliko mwingine kama mtu aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza, na karani kaandika pembeni kwamba hiyo ni alama yake. Sasa yule niliyemkopi kwenye mti wangu ana rekodi ya ndoa nyingine, miaka minane kabla, kasaini kwa mwandiko wa mwalimu. Mtu ajue kuandika halafu asahau? Na mashahidi hakuna hata mmoja anayejirudia, wakati mzee anasema mashahidi ndo wa kuangalia, maana mtu akioa huita ndugu na majirani zake. Watu wawili, jina moja, huenda binamu waliopewa jina la babu mmoja. Nikakata lile tawi lote, majina 61 yakaenda. Nilinuna wiki nzima.

Ndo maana nasema ada inalipa, ila msiende mkidhani mnalipia data. Data nyingi unaipata bure, FamilySearch peke yake, tovuti ya rekodi za ukoo, walianza kama chama cha nasaba huko Utah mwaka 1894 na mwaka 2021 walimaliza kuskani maikrofilamu zao, zaidi ya mikanda milioni 2, unazisoma umekaa nyumbani japo baadhi ya picha zina kufuli mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba wanayoshirikiana nayo. Hapa unalipia watu wa kukubishia.

Na kulikuwa na jioni ya DNA, hiyo safi sana. Nilidhani unatema mate unaletewa jina la babu, kumbe unaletewa kiasi tu cha DNA mnachochangia na mtu mwingine, binamu wa kwanza mnachangia kama asilimia 12.5, mabinamu wa pili kama 3, na ukifika binamu wa nne mnaweza msichangie chochote na bado ni ndugu wa damu kabisa. Jina ni lazima urudi kwenye makaratasi.

Mabaya sasa. Wanafungua mchana mmoja tu kwa wiki, mtu wa kazini utafanyaje? Faharasa ya makaburi, ambayo wameihangaikia miaka na haipo popote pengine, bado iko kwenye kadi ndani ya droo, hawajaiskani, kukivuja bati siku moja tutalia. Jarida linachelewa. Na kuna kiongozi mmoja, simtaji, ukiuliza swali la mgeni anapumua kwa nguvu kwanza ndo anajibu, nimeona wageni wawili wakaondoka hawakurudi, na hao ndo wangeskani hizo kadi.

Mimi nimelipa tena mwaka huu. Jumatano nimebuku mashine saa mbili nzima kutafuta mazishi. Kwenye karatasi yangu mpya namba 48 na 49, yaani wazazi wa 24, ni wazi, na hata hiyo 24 mzee kanambia niiandike kwa penseli.