Nimerudia Harry Potter Yote Saba, na Lile Kabati Limeniacha Hoi

Haya jamani, karibuni tena. Mezani leo kuna seti nzima ya Harry Potter, vitabu saba vya J.K. Rowling kuhusu kijana anayesoma shule ya uchawi. Hadithi mnaijua, sisimulii. Kama hujasoma, simamisha video hapa hapa, maana namwaga siri zote.

Mimi leo nina kabati tu. Ngojeni nifungue cha pili, cha mwaka 1998, sura ya nne. Mnaiona? Harry kapotea, katokea Borgin and Burkes, duka la vifaa vya uchawi mbaya, mara Draco, mwanafunzi mwenzake na hasimu wake, na baba yake hao wanakuja. Anajificha wapi? Ndani ya kabati jeusi. Anavuta milango, anaacha ufa wa kuchungulia. Mara ya kwanza unapita tu, kabati ni kabati.

Sasa sura ya nane. Yuko ofisini kwa Filch, mtunza majengo ya shule, anaandikiwa adhabu, mara kishindo juu ya dari! Peeves, lile pepo tundu la shuleni, kaangusha kabati jingine, limevunjika. Tunacheka, Harry anaponyoka, tunasahau.

Shika cha sita, 2005. Kumbe yale makabati ni mapacha! Ukiingia hili, unatokea lile. Draco anahangaika mwaka mzima kulitengeneza lile bovu, na wafuasi wa Voldemort, adui mkuu wa Harry, wanapita humo humo kuingia shuleni. Sasa rudini kwenye ule ufa. Siku ile Harry anajificha, la shuleni lilikuwa bado zima! Angeifunga milango kabisa, angeibukia wapi? Nililiweka hilo kando nikaenda kunywa maji.

Cha tano nilikuja kukiponda. Sura 38, na Harry anafoka kila saa! Kinachosha, bado nasema. Ila humo wanasafisha nyumba ya Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, wanakuta kidani kizito, kila mtu anajaribu kukifungua, hakifunguki. Kimetajwa juu juu tu, halafu sehemu kubwa ya cha saba inahangaika na kidani hicho. Haya, nimelegea. Msikiruke.

Watu wa Tolkien, yule wa The Lord of the Rings, nawasikia. Ramani, lugha, nasaba, sawa, huko hana mpinzani. Kwa mitego ya namna hii lakini, ushindi simpi.

Bei? Ya jalada gumu inauma. Chukua jalada laini, au kaazime maktaba, maneno ni yale yale. Na Alhamisi tuko mubashara, tunaanza cha tatu, kwa hiyo subskraibu. Ukijua kitu kingine nilichokipita, andika hapo chini na utaje sura. Wale wa "nakumbuka kama" siwajibu.