Friedrich III: siku 99 alizotawala na miaka 20 ambayo angetawala

Kama ilivyokuwa: Friedrich III alirithi taji la Ujerumani tarehe 9 Machi 1888, saratani ya koo ikiwa imeshamnyang'anya sauti. Alipumua kwa mrija na kuandika maagizo kwenye vikaratasi. La maana aliloliwahi ni kumwondoa Puttkamer, waziri wa mambo ya ndani wa Prussia, mhafidhina wa kupindukia. Tarehe 15 Juni akafariki, na mwanawe Wilhelm II, mwenye miaka 29, akashika hatamu.

Historia mbadala: hakuna saratani. Kaizari ana miaka 56, baba yake aliishi hadi 90, na mkewe ni binti wa Malkia Victoria. Wanaomsifu humhesabia yote: mawaziri wanaowajibika kwa bunge, urafiki na Uingereza, hakuna mashindano ya manowari. La manowari naliafiki, kwani hayo yalikuwa mapenzi ya Wilhelm hasa. La bunge nina shaka nalo. Mwaka 1863 Friedrich alipinga hadharani kubanwa kwa magazeti, akakemewa na baba yake, na baada ya hapo hakuthubutu tena kupinga hivyo. Mtu wa namna hiyo angemshinda Bismarck, kansela aliyeishika serikali?

Kwa pwani yetu, tofauti ni ndogo. Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, alishapata hati ya ulinzi ya Kaizari kwa maeneo aliyodai mwaka 1885, na kampuni yake ingeingia Pangani 1888 vilevile. Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, angekuwa na sababu zilezile za kushika bunduki. La kubishania ni kama Wissmann, afisa wa Kijerumani, angetumwa kumkabili.