Pedi za magoti: mbili nimeshazitupa, hizi za ngozi bado ninazo

Mimi nachomelea mageti na madirisha hapa Malindi, upande wa Maweni. Nusu ya siku niko magotini.

Pedi za kwanza zilikuwa za nailoni, sponji ndani. Siku ya pili tu tone la chuma likatua gotini, likatoboa kitambaa, sponji ikayeyuka na kugandana na suruali. Za pili zilikuwa na kombe gumu la plastiki. Fundi wa vigae labda atazipenda. Kwangu ziliteleza kwenye saruji yenye mchanga, na velikro ikajaa vumbi la grinda mpaka ikakataa kushika.

Hizi za sasa ni ngozi nene. Tone likianguka linaacha doa jeusi, basi. Sponji yake ni nzito: ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi polepole. Wewe ukienda dukani ibonyeze hivyohivyo. Kidole kikifika chini kirahisi, mrudishie mwenyewe. Angalia na mkanda. Wangu ni mpana na bizimu liko ubavuni, halinifinyi nyuma ya goti nikichuchumaa.

Ila joto, jamani! Mwezi wa pili, saa nane mchana, nikizivua miguu imelowa kama nimetoka kuvua kamba. Na bizimu limeanza kutu kwa hii hewa ya chumvi, nalisugua kwa msasa kila Ijumaa.

Kijana wangu wa kazi nilimnunulia jozi yake. Anaikalia wakati wa chai.