Mstari na kipande cha mstari: kipi ni kipi?

Mwashi anapoanza msingi hupigilia vigingi viwili, akafunga uzi na kuuvuta mpaka ukiugusa kwa kidole unatetema. Uzi huo ni mfano mzuri wa kipande cha mstari: una ncha mbili, A na B, na futi kamba itakwambia ni mita 4 au 6. Una katikati yake, na unaweza kuulinganisha na wa upande wa pili.

Mstari wenyewe hauna ncha. Unapita A, unapita B, unaendelea pande zote mbili bila kikomo. Ukiulizwa urefu wake, hakuna cha kupima. Katikati pia hauna. Ndiyo maana daftarini huchorwa kwa mishale miwili, ilhali kipande huishia kwenye vitone. Wanafunzi husahau mishale hiyo, wakapoteza alama kizembe.

Vyote viwili havina unene (uzi wa mwashi unao, tumsamehe). Ila kuutaja mstari unaweza kutumia nukta zake mbili zozote. Kipande hutajwa kwa ncha zake tu.

Kwa kupima, mimi hushika kipande. Kwenye usambamba, nauamini mstari. Vipande viwili vinaweza kukaa ukurasani bila kugusana na bado visiwe sambamba: weka rula, virefushe, huenda vikakutana mezani, nje ya karatasi. Mistari miwili iliyo sambamba haikutani popote, hata ukiifuata hadi kesho.